Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kuingia galari ya sanaa Nairobi ukitokea Kisumu, Nakuru au Magharibi

JaKondele
Wadau, salamu. Jana nilikuwa napanga droo nikakuta kadi ya mwaliko wa maonyesho ya michoro, imekunjika, ya 2014. Ikanirudisha mbali.

Nilikuwa nimeenda Nairobi kwa usaili wa kazi. Usaili ukaisha saa nne asubuhi, basi la kurudi Kisumu ni la saa mbili usiku, mfukoni nina nauli na mia tatu. Mnajua mtu wa huku akikwama Nairobi na saa kumi za kuua: unatembea. Nikatembea hadi jua likaniingiza Alliance Française, kile kituo cha utamaduni cha Wafaransa pale Loita Street, nikitafuta choo. Choo nilikipata. Nikitoka nikakuta ukuta mzima wa michoro na hakuna hata mtu mmoja wa kuniuliza nataka nini. Nilisimama hapo mpaka miguu ikauma. Usaili nilifeli, kama mnataka kujua.

Miaka ikapita ndipo nikaja kusikia kuna mzaliwa wa Kisumu, Gor Soudan, anayesuka sanamu kwa zile nyaya zinazobaki tairi likichomwa kwenye maandamano. Nyaya hizo! Mimi nimekulia Kondele. Nimezikanyaga na patipati, zikanitoboa, nikadungwa sindano ya pepopunda. Hakuna aliyewahi kuniambia nimekanyaga malighafi.

Haya, wewe uliingiaje? Nani alikufungua macho? Na uliaibikia wapi?

Mulembe_wa_Malava
Mlangoni. Niliaibikia mlangoni. Askari aliniuliza, "Unaenda kwa nani?" Nikamwambia naja kuangalia picha. Akauliza, "Picha za nani?" Nikageuka nikarudi stegi.

Achieng_Milimani
"Unaenda kwa nani" hiyo imefukuza watu wengi kuliko bei.

Mwalimu_Mstaafu_Gilgil
Hamjambo wanangu. Mimi ni mzee wa chaki, nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na galari niliingia mara ya kwanza nikiwa nimeshastaafu. Msinicheke.

Binti yangu alinichukua 2022 akanipeleka NCAI, ile taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa na Michael Armitage, ipo ndani ya jengo la maduka la Rosslyn Riviera, Limuru Road. Maonyesho yalikuwa ya Sane Wadu. Sasa huyu ni jirani yetu, anaishi Naivasha hapo, kaunti yetu hii hii ya Nakuru. Naye alikuwa mwalimu. Aliacha chaki akashika brashi, watu wakasema amerukwa na akili, naye akajiita Sane, yaani kwa Kiingereza mwenye akili timamu. Nilisimama mbele ya mchoro mmoja nikamwambia binti yangu: huyu alifanya jambo ambalo sisi kwenye chumba cha walimu tulikuwa tunalizungumza kila Ijumaa na Jumatatu tunarudi darasani.

Halafu mtafuteni marehemu Rosemary Karuga. Alisomea sanaa Makerere mapema miaka ya 1950, akaja kufundisha shule, akarudi kwenye sanaa yake anakaribia miaka sitini. Hakuwa na rangi za kununua, akakata pakiti za unga na za sabuni, akabandika kipande kwa kipande hadi ng'ombe na wanawake wakasimama. Alifanyia Paa ya Paa, kile kituo cha sanaa cha Elimo Njau cha tangu 1965. Jina hilo nalo lilinisumbua kisarufi kwa miaka. Paa ni mnyama, na ndiyo kupaa pia, lakini huyo "ya" anafanya nini hapo katikati? Nimeamua kumsamehe.

Nyar_Dunga
Mimi nina swali, na nisionekane mkorofi. Kwa nini uzi mzima ni Nairobi, Nairobi? Kisumu hakuna macho? Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, ilipokuja Mei 2022 kuta za mji zilipakwa michoro, mkapiga selfi, mkarudi majumbani, hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza jina la aliyechora. Mnapanda basi kilomita 350 kwenda kutazama mtu wa Kisumu.

JaKondele
Nyar Dunga, dadangu, tunapanda basi kwa sababu mtu wa Kisumu alishapanda kabla yetu. Onyis Martin, mzaliwa wa hapa. Gor, wa hapa. Wote kazi zao tunazikuta Nairobi. Nionyeshe ukuta mmoja hapa mjini wenye taa na karatasi ya bei nitaenda kwa miguu.

Nyar_Dunga
Karatasi ya bei ndiyo inafanya kitu kiwe sanaa?

JaKondele
Ndiyo inafanya msanii ale, nyamera.

Omogusii_Halisi
Hapo ndipo ninapowashwa. Kwetu Tabaka, huko Kisii, tunachonga mawe tangu babu zetu. Mtu akichonga kiboko akauza kando ya barabara, "ukumbusho wa watalii". Mtu huyo huyo akimweka kwenye chumba cheupe cha galari Nairobi, "sanaa ya kisasa". Elkana Ong'esa wetu ana sanamu Paris, makao makuu ya UNESCO, na bado kuna watu wanadhani Kisii ni sahani za sabuni tu.

Fundi_Fremu_Nakuru
Wewe una uchungu wa haki lakini viboko ni vingi sana, ndugu. Viboko elfu moja vinavyofanana.

Omogusii_Halisi
Na matatu za Dennis Muraguri ni ngapi? Kila mchapo wake, yaani picha ya kuchapishwa, ni matatu. Mbona yeye husemi vinafanana?

Fundi_Fremu_Nakuru
Kwa sababu kila matatu yake ina dereva tofauti wa kichwa kibovu. Nimeziwekea fremu, nazijua.

Binti_wa_Bondeni
Jamani niwaache na ugomvi wenu, nimesoma hiyo ya aibu mlangoni na nimegundua yangu sijawahi kumwambia mtu kwa urefu. Ni ya Desemba 2018. Kaeni vizuri.

Dadangu anafanya kazi Nairobi, shule zimefungwa, akaniomba nije nimkalie mtoto wake wiki mbili. Mtoto ana miaka sita. Jumamosi nikaona kwenye simu kuna ufunguzi wa maonyesho, kiingilio bure, nikasema twende, atakunywa juisi nami nione kitu. Galari sitaitaja. Hawakunikosea, mimi ndiye.

Tumefika, pamejaa. Nimejua kwamba mtu wa kwanza unayepaswa kumtafuta ni wa mezani, ana karatasi ya bei, kwa sababu ukutani kuna namba tu. Nikachukua karatasi. Pembeni yake kulikuwa na ukurasa wa stika ndogo nyekundu. Sikuzitilia maanani, mimi wakati huo sikujua stika ni nini. Kwa msiojua: mchoro ukinunuliwa, stika nyekundu inabandikwa kando yake. Maana yake ni "huu umeshapata mwenyewe".

Kulikuwa na mchoro wa mwanamke amebeba gunia la viazi, shingo imezama ndani ya mabega kabisa, kama wale wa Molo siku ya soko. 240,000. Nilisimama hapo nikibishana nao kimoyomoyo. Mtoto nikamsahau. Mtoto akinyamaza unajua kuna jambo, lakini nilikuwa na mama wa viazi.

Akarudi akaniomba juisi nyingine. Nikampa.

Baada ya kama nusu saa nikasikia makofi. Msichana wa mezani anamkumbatia msanii. Kijana tu, viatu vina rangi, ilikuwa mara yake ya kwanza kupata ukuta wote peke yake. Watu wanampa mkono. "Nne! Saa ya kwanza tu!" Akatoka barazani na simu, nami nilikuwa karibu na dirisha, nikamsikia anamwambia mamake kwa Dholuo. Dholuo yangu ni ya kuhesabia tu, ya kucheza na watoto wa jirani pale Bondeni, lakini "ang'wen" naijua. Nne. Aliirudia mara tatu, sauti inapanda.

Kuna mama mmoja mtu mzima, amevaa miwani ya mnyororo, akaja mezani akaonyesha ule wa viazi. Akaambiwa samahani, umeshachukuliwa. Akasema pole pole, "Nimechelewa tena." Akachukua mkoba wake akaenda.

Nami nikajisemea, ni nani tajiri kanipokonya mama yangu wa viazi? Nikageuka kumtafuta mtoto tuondoke. Yuko nyuma yangu. Ana stika nyekundu kwenye ncha ya pua.

Nilihisi baridi kuanzia visigino.

Msichana wa mezani ameshafungua daftari anauliza wenzake, hizi nne aliandika nani? Huyu anamtazama yule. Mlango uko wazi, wadau. Hakuna aliyenijua. Ningetoka, nadhani hadi leo wangelaumiana wao kwa wao. Nilifika hata kwenye kizingiti. Halafu nikamwona yule kijana anarudi kutoka barazani anafuta macho.

Kiswahili chote nilichosoma kilinitoroka. Nilisema tu, "Kaka, ni huyu mtoto."

Hakuelewa. Nikamwonyesha pua. Akaelewa. Akachuchumaa mpaka chini wakatazamana, akamuuliza, "Ulizipenda hizo nne?"

Mtoto akasema, "Hapana. Nilipenda ya mbwa, lakini sikuifikia."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Halafu nikaona kicheko kinamwishia usoni kabla ya cha wengine, akarudi barazani akasimama ameshika simu, hapigi. Hiyo ndiyo picha niliyoiona siku ile. Za ukutani nimezisahau nusu.

Nilinunua kitu cha bei ya chini kabisa, mchapo mdogo wa 6,500. Nikatoa 2,000 papo hapo, zilizobaki nikalipa mdogo mdogo kwa M-Pesa mpaka Aprili. Mama wa miwani hakuwa ameacha namba.

Mulembe_wa_Malava
Eeeh. Sasa mimi na askari wangu ni nini.

Achieng_Milimani
Nimesoma hii nikiwa kwenye tuktuk nikapitiliza kwangu.

Mkweli_Daima
Hadithi tamu lakini nina mashaka. Galari gani inaacha stika mezani na watoto wanazunguka? Na kila mchoro ukiuzwa jina linaandikwa kwanza. Hii imetiwa chumvi.

Fundi_Fremu_Nakuru
Mkweli, umewahi kuwa kwenye ufunguzi? Nimepeleka fremu kwenye maonyesho zaidi ya ishirini. Dakika kumi kabla ya watu kuingia bado mnatafuta nyundo. Stika huwa mezani, mfukoni, moja huwa imeng'ang'ania kwenye soksi yangu.

Mkweli_Daima
Na mtoto wa miaka sita anajuaje pa kubandika?

Binti_wa_Bondeni
Alimwona msichana akibandika ya kwanza halali. Kulikuwa na moja ya kweli kabla. Mtoto ni mwanafunzi mzuri.

Achieng_Milimani
Mkweli na jina lake hilo. Wewe kazi yako ni kupima chumvi ya wenzako?

Mkweli_Daima
Nimeuliza tu. Mnataka uzi wa kupigiana makofi? Haya. Mimi nasema wazi kwamba hizi galari hazikujengewa sisi. Hata huko nje, 2013 na 2015 banda la Kenya kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice liliwekwa wasanii wengi kutoka China na Italia, Wakenya mpaka uwatafute kwa tochi. Tuliwakilishwa na wageni, ninyi mko hapa mnalilia stika.

JaKondele
Hilo ni kweli, lakini malizia. 2015 wasanii wenyewe walipiga kelele, wakakusanya sahihi, serikali ikabidi ijitenge na banda lile. Na Wajukuu, kile kikundi cha wasanii wa Lunga Lunga huko Mukuru, 2022 walialikwa documenta, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, wakajenga mabati yao pale pale Ujerumani. Kwa hiyo galari haikujengwa kwa ajili yetu, sawa. Ni kama stendi ya basi, nani alijengewa?

Mwalimu_Mstaafu_Gilgil
Mkweli, mwanangu, kuhoji si kosa. Ila mama anaposimulia aibu yake, unasubiri amalize chai. Naongeza tu kwamba Gallery Watatu ya zamani, mjini Nairobi, ilianzishwa na watu watatu mwishoni mwa miaka ya 1960, na Sane Wadu na wenzake wengi waliuzia hapo. Wanunuzi wengi walikuwa wageni. Hilo lilikuwa tatizo, tena ndilo lililowalisha. Mambo mawili yanaweza kuwa kwenye sufuria moja.

Omwana_wa_Busia
Nimechelewa, mtandao huku ni wa kuombea.

Yangu si ya aibu, ni ya hofu. Mnamjua huyo Armitage aliyetajwa? Mnajua anachora juu ya nini? Si kanvasi. Ni lubugo, nguo ya gome la mti inayopigwa kwa nyundo za mbao Uganda. Mimi mpaka wa Busia ni kama mlango wa jikoni, na nyanya yangu mzaa mama ni wa upande ule. Kwao lubugo ndiyo nguo ya kuzikia. Mtu akifa wanamfunga humo. Nikiwa mdogo ilikuwa imekunjwa juu ya kabati la nyanya, nasi tulikatazwa hata kuitazama sana.

Sasa niko Nairobi, rafiki amenikokota, naingia chumba cheupe, nakuta lubugo imewambwa ukutani na rangi ya mafuta juu yake. Naiona ile mishono. Naona yale matundu yanayotokea gome likipigwa, hakuyaziba. Miguu ilinikataa kusogea. Rafiki ananiambia ona anavyochanganya kijani, mimi naona kabati la nyanya.

Nilimpigia nyanya jioni. Nikamweleza. Akauliza, "Amechora nani?" Nikasema watu, mkutano wa siasa. Akanyamaza, akasema, "Basi amewahi." Mpaka leo sijajua alimaanisha nini na sasa hayupo wa kumuuliza.

Nyar_Dunga
"Basi amewahi." Jamani nyanya.

Omwana_wa_Busia
Ndio hivyo. Na kwa wapenzi wa vyungu, mtafuteni Magdalene Anyango Namakhiya Odundo. Majina hayo mtu wa huku akiyasikia anageuka. Anafinyanga kwa mkono bila gurudumu, anasugua mpaka udongo ung'ae, kisha moshi wa tanuru unavigeuza vingine kuwa vyeusi. Uingereza wanavitazama kwa umbali wa hatua mbili. Shangazi zangu wangeuliza kama vinavuja.

Mulembe_wa_Malava
Sasa tupeane mbinu. Nataka kujaribu tena kabla ya Krismasi. Navaa nini?

Achieng_Milimani
Vaa vizuri, viatu safi. Wanakusoma kutoka chini.

Fundi_Fremu_Nakuru
Vaa kawaida. Wasanii wenyewe wanaonekana kama wametoka kupiga lipu.

JaKondele
Anzia mjini ambako hakuna geti la kutisha: Alliance, halafu Goethe-Institut, kituo cha Wajerumani, ipo hapo hapo karibu, Maendeleo House. Nairobi Gallery nayo ni rahisi kuiona, ofisi ya zamani ya PC, mkuu wa mkoa, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, jengo la 1913, ndani kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Hiyo ina kiingilio, beba kitambulisho ulipe bei ya mwananchi. Ukishazoea ndipo upande matatu ya Limuru Road kwenda huko Rosslyn, au galari ya Banana Hill.

Binti_wa_Bondeni
Nenda siku ya ufunguzi. Msanii yupo, unaweza kumuuliza.

Omwana_wa_Busia
Usiende siku ya ufunguzi. Watu wanatazama watu. Nenda Jumatano saa nane, uwe peke yako, na upige simu kwanza maana nyingine hufunga siku usizotarajia.

Achieng_Milimani
Na usiulize bei, utaonekana mgeni.

Fundi_Fremu_Nakuru
ULIZA bei. Achieng, unawaua watu njaa. Uliza bei, uliza kama kuna michapo, uliza kama wanakubali kulipwa kwa awamu. Wengi wanakubali. Ujue pia kwamba galari inakata fungu lake nene kwenye kila mauzo, kwa hiyo ukimzunguka msanii nyuma ya galari wakati maonyesho yanaendelea unamharibia. Subiri yaishe, umtembelee kwenye studio yake. Kuona ni bure. Wasanii wa kikundi cha Kuona pale Kilimani mlango wao huwa wazi, unaingia kibanda hadi kibanda.

Tena ukinunua: usifunge nailoni moja kwa moja juu ya rangi, itanata. Karatasi kwanza, kisha boksi, kisha nailoni nje. Kwenye basi usikubali iwekwe buti, chini ya magunia ya omena. Nimetengeneza fremu tatu zilizovunjikia Mau Summit.

Nyar_Dunga
Fundi umesema la maana leo tu. Nami nimeamua, Jumapili nitapita na simu nipige picha kuta zote za Africities zilizobaki, niulize majina. Anayejua hata jina moja anitumie.

JaKondele
Nitakubebea ngazi.

Mkweli_Daima
Binti wa Bondeni, samahani kwa jana. Swali moja la mwisho, si la kukupima. Ya mbwa iliuzwa?

Omogusii_Halisi
Na mimi nilikuwa nataka kuuliza.

Mwalimu_Mstaafu_Gilgil
Na mimi.

Binti_wa_Bondeni
Iliuzwa, wiki ya mwisho. Msichana wa mezani aliniambia Aprili nilipoenda kuchukua mchapo wangu. Ya viazi ilirudi studio. Nilimwambia mtoto kuhusu ya mbwa nikidhani atafurahi. Alilia. Alikuwa anadhani bado inamngoja arefuke.

Mulembe_wa_Malava
Haya, Jumamosi ya pili ya Desemba nitakuwa Nairobi. Nani atakuwa huko? Sitaki kuulizwa "unaenda kwa nani" nikiwa peke yangu tena.

Fundi_Fremu_Nakuru
Mwambie unaenda kwa mbwa.